Nashona mpaka usiku wa manane, pango nakopa

Shikamoo mama,

Mimi ni fundi cherehani hapa Kihonda, Morogoro. Nina miaka 34, mume na watoto wawili. Nilianzia barazani kwa mama mkwe, na tangu 2019 nina fremu yangu, vyerehani vitatu na binti anayenisaidia. Yeye namlipa shilingi 5,000 kwa siku. Nashona zaidi magauni ya vitenge: ya kanisani, ya sendofu, ya vikao vya akina mama. Kazi ninayo, namshukuru Mungu. Ikikaribia Idi au Krismasi nafunga saa sita usiku, mume wangu anakuja kunichukua na pikipiki.

Tatizo ni kwamba fedha siioni. Fremu ni 80,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, 480,000. Siku ilipofika nilikuwa na 180,000. Nikaenda kwa wale wa kausha damu, nikachukua 300,000, na narejesha 13,000 kila siku kwa siku 30. Nyumbani sijasema. Nikisikia pikipiki inasimama nje, nadhani ni afisa mikopo, mguu unaganda kwenye pedali.

Gauni lenye bitana natoza 25,000. Mteja analeta kitenge, vingine vyote vyangu. Bei hiyo niliiweka nilipofungua, wakati mita ya bitana ilikuwa 2,000. Leo ni 3,500, na gauni moja linakula mita mbili. Zipu 1,000, uzi 1,000, kitambaa cha gundi cha kola na kiunoni 1,500. Nilijaribu kupandisha mara moja tu. Mteja wangu wa siku nyingi akanitazama, akasema, "Elfu thelathini? Si kushona tu? Kitenge si nimenunua mwenyewe?" Nikakosa cha kumjibu. Nikamwambia, "Basi mama, lete hiyo ishirini na tano." Na sasa kuna kijana amefungua upande wa pili wa barabara, yeye anashona kwa 18,000. Ili nifidie, nimeanza kutumia bitana ile nyepesi.

Mwezi uliopita walimu 12 waliniletea sare ya sendofu ya mwenzao. Kwa kuwa walikuwa wengi, tukakubaliana 20,000 kila mmoja. Niliweka pembeni kazi nyingine zote siku tisa. Rangi ya bitana waliyoitaka haikuwepo hapa, nikapanda SGR kwenda Kariakoo, 13,000 kwenda na 13,000 kurudi, na chakula 5,000. Katikati ya kazi cherehani kimoja kikagoma, fundi wake akachukua 15,000. Sare zilipendeza, walinipiga picha nao. Lakini nilipokuja kuhesabu sikuelewa ile 240,000 imekwenda wapi.

Vikazi vidogo kama pindo za suruali na kubadilisha zipu siku hizi navikataa, vinanikatisha kazi kubwa. Ukutani nina magauni 14 yaliyokwisha, wenyewe hawajaja kuyachukua. Kila mmoja alitanguliza 5,000. Wifi zangu nao wanne, hao ni bure, nitawadai vipi?

Wiki ijayo wanakuja walimu 20 wa shule nyingine. Wameshaambiwa na wenzao kwamba kwangu ni 20,000. Mama, nipandishe bei nipoteze watu, au nivumilie?

Fundi wa Kihonda, Morogoro

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilishika kalamu, maana umeniandikia hesabu yote bila mwenyewe kujua. Unauliza kama uvumilie. Ngoja kwanza tuone hicho unachokivumilia.

Chukua ile sare ya walimu 12. Fedha iliyoingia ni 240,000. Vifaa vya gauni moja, kwa bei ulizoniandikia, ni 10,500: bitana 7,000, zipu na uzi 2,000, gundi 1,500. Mara 12 ni 126,000. Zimebaki 114,000. Binti umemlipa siku tisa, 45,000. Zimebaki 69,000. Fremu ya 80,000 ukiigawa kwa siku 26 za kazi ni kama 3,077 kwa siku, na siku tisa ni 27,700. Umeme hukuniandikia, lakini pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima inakula uniti moja, uniti ya matumizi ya kawaida ni kama shilingi 356, na una vyerehani, taa na feni. Nimekuwekea 1,500 kwa siku, jumla 13,500. Sasa una 27,800. Fundi wa cherehani 15,000, safari ya Kariakoo 31,000. Umepungukiwa 18,200.

Umeshona siku tisa, na usiku wake, halafu ukawaongezea walimu 18,200 kutoka mfukoni mwako. Ndiyo maana hukuiona 240,000.

Utaniambia pango ungelipa hata kama walimu wasingekuja. Kweli. Lakini lingelipwa na gauni lipi? Kila nguo inayopita mezani kwako lazima ibebe kipande chake cha pango, cha umeme na cha mshahara wa binti. Isipobeba, kipande hicho kinakungoja mwisho wa miezi sita, kisha unakwenda kukikopa. Huo mkopo wako ni bei ambayo hukuwatoza wateja, imerudi kwako na riba ya 90,000 juu yake.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo nadhani mafundi wengi hawajawahi kulihesabu, nalo ni saa. Baada ya barua yako nilikwenda kukaa kwa fundi wangu Jumatano nzima, kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 12 jioni, na daftari magotini. Nilikuwa naandika kila sindano ilipoanza kutembea na kila iliposimama. Alikuja mama mmoja kupimwa. Kupimwa kwenyewe dakika tano, kuchagua mshono kwenye simu dakika arobaini. Akaja mwingine kujaribu gauni, likabanwa kiunoni, akakaa kwenye benchi, akasema sasa halikaliki, likafumuliwa tena. Umeme ulikatika. Saa 8 mchana fundi akagundua kwamba mkono mmoja wa gauni ameukata kichwa chini, ndege waliochorwa kwenye kitenge wanatazama sakafu. Nikamwona anafumua mshono mmoja mmoja kwa wembe, kimya, bila hata kuinua macho. Hakuna mtu atakayemlipa kwa kazi hiyo. Katika saa tisa zile, kazi yenye malipo ilichukua saa tano na dakika ishirini.

Wewe nawe uko hivyo hivyo, mwanangu, maana ndivyo kazi yenyewe ilivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamwekea mwajiriwa saa 45 za kawaida kwa wiki, ambazo kwa mwezi ni kama 195. Ukizichuja kama nilivyochuja Jumatano ile, unabaki na saa 115 hivi za sindano. Najua unafanya zaidi ya hapo. Lakini usipange bei kwa saa za usiku. Siku ukiumwa, na bei yako itaumwa.

Basi saa hizo 115 zinatakiwa zilipe nini? Fremu 80,000. Umeme 39,000. Binti 130,000. Sindano, mafuta na matengenezo 20,000. Safari moja ya Kariakoo 31,000. Kodi, leseni na taka 15,000. Weka 25,000 ya cherehani kipya, maana ulivyonavyo havitaishi milele, na siku kimoja kikifa usirudi kwa kausha damu. Jumla ni 340,000, na hapo wewe bado hujalipwa hata senti. Mshahara wako nimeuandika 400,000. Kama umeona ni mwingi, jiulize ungemlipa kiasi gani fundi wa miaka yako anayejua kukata bila patani. Tumefika 740,000. Gawa kwa 115: saa yako moja ni kama shilingi 6,435.

Gauni lenye bitana, binti akikusaidia kupiga pasi na kumalizia kwa mkono, nalikadiria saa tano za mkono wako. Saa hizo ni 32,200, weka na vifaa 10,500, ni karibu 43,000. Wewe unatoza 25,000. Ukitoa vifaa unabaki na 14,500 kwa saa tano, yaani 2,900 kwa saa. Ungeshona magauni hayo mwezi mzima bila kupumzika, saa zote 115, ungepata 333,500. Na gharama zako ni 340,000. Sasa umeona kwa nini kazi ni nyingi na fedha haipo? Kila ukiongeza mteja wa gauni hilo, shimo linaongezeka. Kinachowalisha watoto wako ni hizo nguo nyingine unazochomeka katikati, na usingizi wako.

Lakini usikate tamaa, maana kuna jambo limenifurahisha katika hesabu hii. Gauni hilo hilo bila bitana ni kama saa tatu na nusu na vifaa vya 3,500. Linakuja 26,000. Kwa hiyo 25,000 yako si bei mbovu. Ni bei ya gauni jingine! Umekuwa ukiuza gauni lenye bitana kwa bei ya lisilo na bitana, na mteja hajui kwamba yapo magauni mawili, kwa sababu hujamwambia. Mwambie. Andika kwenye karatasi, bandika ukutani panapoonekana kutoka mlangoni: gauni la kitenge bila bitana 26,000, lenye bitana 35,000 kuanzia tarehe mosi. Baada ya miezi minne au mitano lipeleke 40,000, kisha 45,000. Sikupeleki 45,000 leo kwa sababu wateja wako wameizoea 25,000 kwa miaka. Ila ujue kwamba kwa 35,000 bado hujafika. Mwezi mzima wa magauni hayo utakuachia 223,500 baada ya gharama. Ni nauli ya kuelekea kwenye bei yenyewe.

Ile bitana nyepesi iache leo, tafadhali. Mama yangu alikuwa akiuza vitumbua, na mchele ulipopanda hakupandisha bei, alipunguza upawa. Nilikuwa namsaidia kufunga kwenye gazeti. Hakuna mteja aliyesema neno, lakini niliona wanavyokipokea: wanakiweka kiganjani, wanakipima kidogo, ndipo wanalipa. Baada ya wiki kadhaa wengine wakawa wanapita upande wa pili. Bei iliyopanda mteja anaweza kuibishia, mkaelewana. Bitana inayochanika kwapani kanisani hakubishii, anawasimulia wenzake.

Na yule mama aliyekuuliza "si kushona tu?" hakuwa na nia mbaya. Kitenge amekiona dukani, amekishika, amekilipia. Kazi yako imefichwa ndani ya gauni. Kwa hiyo akija tena usimjibu kwa maneno. Chukua gauni moja lililokwisha, ligeuze ndani nje, litandaze mezani mbele yake. Mwonyeshe bitana ilivyoshikizwa shingoni bila uzi kuonekana nje. Mfanye apitishe kidole kwenye zipu, aone haikwaruzi ngozi. Mkunjulie mshono wa ubavuni uliouachia inchi moja ya akiba, umwambie, "Hii ni kwa ajili ya ukinenepa, tutalipanua." Kisha nyamaza. Ukishataja bei usiongeze "lakini tutaongea" wala "samahani mama, vitu vimepanda." Ukiomba radhi mwenyewe kwa bei yako, unategemea yeye aiheshimu vipi? Wapo watakaoondoka. Kwa 25,000 kwa gauni lile, anayeondoka anakupa saa tano za kulala.

Kijana wa upande wa pili mwache na 18,000 yake. Huenda fremu ni ya baba yake, huenda hatumii bitana, huenda naye anakopa kama wewe, mwaka ukiisha atakuwa amefunga. Vyovyote vile, hesabu yake huijui, na bei yake haiwezi kulipa pango lako. Mtu akikwambia "kule ni kumi na nane," mjibu kwa upole kwamba kama anataka gauni jepesi bila bitana, kwako lipo pia.

Sasa vile vikazi vidogo ulivyovikataa. Hapa nilijishika kichwa kabisa! Pindo la suruali kwa 3,000, ukilimaliza kwa dakika ishirini pamoja na kumpokea mteja, ni 9,000 kwa saa. Kubadilisha zipu kwa 4,000, toa zipu ya 1,000, dakika ishirini na tano, ni 7,200 kwa saa. Hizo ni juu ya 6,435 yako, na ni mara mbili hadi tatu ya gauni unalolikumbatia. Umekuwa ukifukuza kazi inayokulipa ili umalizie inayokula. Kwamba zinakukatisha naelewa, basi usizifanye mtu akiwa amesimama. Weka kapu, zipokee kutwa, zifanye zote kwa saa moja asubuhi kabla wateja hawajaanza kuingia, na mwenyewe aje jioni. Binti naye afundishwe pindo, hiyo ni kazi ya kuanzia.

Yale magauni 14 ukutani yameniuma kuliko yote. Kila moja linadaiwa 20,000, jumla 280,000. Mwanangu, laki tatu uliyokwenda kuikopa kwa kausha damu ilikuwa inaning'inia mbele ya macho yako. Na 5,000 wanayotanguliza haifiki hata nusu ya vifaa vyako vya 10,500, kwa hiyo bitana iliyo ndani ya magauni hayo umewanunulia wewe. Leo jioni wapigie wote, mmoja mmoja, usiwatumie ujumbe. Waambie nguo iko tayari na unaomba waichukue kabla ya Jumamosi. Anayesema hana fedha mpangie alipe kidogo kidogo, lakini nguo itoke ikiisha kulipwa. Kuanzia sasa, kabla mkasi haujagusa kitenge, nusu iwe imeingia. Iingie kwenye Lipa Namba ya biashara, siyo kwenye simu unayonunulia mboga. Fedha zitakazopatikana kwa magauni yale 14 zipeleke moja kwa moja kufunga mkopo ule. Kisha kila siku ya kazi weka 3,100 ya pango kabla hujanunua chochote, na mwenye nyumba akija baada ya miezi sita atakukuta umekaa.

Mkopo wenyewe mwambie mume wako. Anakuja kukuchukua saa sita usiku, hawezi kuwa mtu wa kukukasirikia kwa pango. Na siku utakapotaka mtaji, ulizia kwenye kata yako habari za ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawiwa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Inatolewa kwa vikundi, na wanataka kuona kumbukumbu, kwa hiyo daftari ninalokuambia uanze litakufaa na huko. TRA nao, mfanyabiashara mdogo mwenye kumbukumbu za mauzo hukadiriwa chini kuliko asiye nazo.

Wifi zako usiwadai, wala usiwafiche. Kila ukimshonea mmoja andika kwenye daftari bei kamili, 35,000, na mbele yake andika "zawadi". Mwisho wa mwaka utajua umewapa kiasi gani, na mume wako atajua pia. Binafsi ningeweka gauni moja kwa kila wifi kwa mwaka, kwa moyo mweupe. Kwa la pili wanunue vifaa wenyewe. Hakuna wifi mwenye akili atakayekununia kwa 10,500, na ukimwambia mapema kabla hajaleta kitenge hata haya hataona.

Nimebakiza walimu 20. Usiwakatae. Ukiwa na kitenge kimoja na mshono mmoja, unaokoa kweli: huchagui mishono mara ishirini, unakata tabaka kadhaa kwa pamoja, hubadilishi uzi. Nimekuondolea saa moja kwa kila gauni. Lenye bitana linakuwa saa nne, 25,740, na vifaa 10,500, jumla 36,240. Waambie 38,000, na wakibembeleza sana ishia 36,500. Wakishikilia ile 20,000 ya wenzao, nayo unayo: bila bitana ni saa mbili na nusu, 16,100, na vifaa 3,500, jumla 19,600. Kwa hiyo 20,000 inawezekana, kwa gauni lisilo na bitana, mshono mmoja bila mmoja wao kuomba mkono wa tofauti, na rangi ya uzi inayopatikana Morogoro. Akitokea anayetaka mkono wake peke yake, huyo ni 26,000 kama mteja mwingine yeyote.

Wala usiwangoje waje dukani mmoja mmoja kwa wiki mbili. Nenda wewe shuleni kwao siku moja, saa 9 alasiri watoto wakishatoka, na tepu na daftari, uwapime wote ishirini kwa mkupuo. Beba magauni mawili mkononi, lenye bitana na lisilo nayo, wayashike wachague. Nusu ya fedha ikusanywe na mwalimu mmoja na ije pamoja na vitenge. Kwa bei ya chini kabisa hiyo ni 200,000, inayonunua vifaa vyote na kubaki. Kazi hiyo ni saa 50 za sindano, siku kumi za kazi bila kukesha. Wape tarehe ya siku ya kumi na mbili, na usiikubali kazi ikiwa sherehe yao ni kabla ya hapo.